Kifundo Kimoja cha Maji

Kila Jumanne asubuhi mwenyekiti wa mfereji huvua kiatu cha kulia, hukunja suruali na kutia mguu kwenye lango la maji. Maji yakifunika kifundo cha mguu wake huinua mkono, na zamu ya Jumanne inaanza. Kifundo kimoja ndicho kipimo cha kila shamba tangu mfereji ulipochimbwa. Kifundo cha nani, na kipimwe wapi, waliochimba hawakusema.

Basi hupimwa langoni, mlangoni kwa mwenyekiti mwenyewe. Kutoka pale maji hupita kwenye mchanga na jua, na kwenye mashamba ya watu wenye mikono mirefu, hadi shamba la mwisho kabisa. Mwenye shamba hilo ni mjane ambaye watu wote humwita Mkiani. Yakifika kwake hulowesha ukucha wa kidole gumba cha mguu, basi. Zamu ya mwenyekiti ikifika, husahau kuvua kiatu, na maji hupanda hadi magotini.

Mkiani alikuwa na kifundo chake, lakini cha moyoni. Msimu uliotangulia nyanya zake zilikauka zikiwa bado maua. Sheria ya mfereji ilisema shamba lisilotoa hata gunia moja misimu miwili mfululizo linarudi kwa kamati, na kila mtu alijua kamati ingempa nani. Safari hii akapanda vitunguu.

"Mvumilivu hula mbivu," mwenyekiti alimwambia akipita.

"Mvumilivu hula vikavu," mama mkwe wake Mkiani akajibu kutoka barazani. Alikuwa mzee, na hakuwa na haja ya kumwogopa mtu.

Vitunguu vilivumilia. Kitunguu chenye kiu hakinenepi. Hujibana, hukaza maganda na kukusanya ukali wote ndani. Vya mwenyekiti vilikuwa vikubwa, kimoja kilijaza mkono, navyo vilianza kuoza ghalani kabla mwezi haujaandama. Vya Mkiani vilikuwa vidogo kama ndimu, vigumu, na siku ya kukaguliwa vilijaza gunia moja. Mwenyekiti alilitikisa gunia apate kuona kama litapungua. Halikupungua. Shamba likabaki la Mkiani, na jioni ile yeye na mama mkwe wake walikula wakicheka bila sababu.

Mama mkwe ndiye aliyekata kitunguu cha kwanza. Alikaza macho akisubiri machozi, hayakuja. Akalamba kisu: ukali ulikuwepo, tena wa kutosha. Wakati huohuo mwenyekiti, aliyekuwa kwenye kiti cha kinyozi, alianza kububujikwa na machozi. Kinyozi akautazama wembe, hakuona kosa lake, akamfuta mteja na kuendelea na ndevu.

Haikuchukua muda kujulikana. Kila aliyekata kitunguu cha Mkiani alibaki na macho makavu, na mwenyekiti akalia popote alipokuwa. Mpishi wa kibanda cha sokoni akawa hanunui vya mtu mwingine. Mke wa mwenyekiti aliacha kutazama saa. Mumewe akianza kulia, alijua kibandani wanaandaa chakula cha mchana, naye akainjika chungu chake.

"Machozi ni ya kwetu," mama mkwe alieleza majirani. "Maji ni yaleyale, yamebadili njia tu."

Mwenyekiti mwenyewe alikuja shambani, taulo begani.

"Nasikia ni vitunguu vyako, shemeji."

"Na mimi nimesikia, shemeji."

"Havina dawa?"

"Dawa yake maji. Kitunguu kikinywa vizuri kinapoa. Kipime kifundo hapa kwangu, msimu ujao hutalia."

Mwenyekiti alifikiri kwa muda mrefu, akijifuta. Aliutazama mfereji kule juu, akaangalia na shamba lake lilivyo kijani.

"Nitalitazama hilo," akasema. Kesho yake alinunua taulo kubwa zaidi.

Mkutano wa mwaka ulifanyika kwenye uwanja karibu na soko, kabla ya mchana. Mkiani alisimama akaomba kifundo kipimwe kwenye kila shamba, kwa mguu wa mwenye shamba. Alilisema vizuri, bila hasira, na watu wengi walitikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti akainuka kujibu. Kibandani mpishi alikuwa ndiyo kwanza ameshika kisu.

"Ndugu zangu wa mkiani," mwenyekiti alianza, na machozi yakamchuruzika hadi kidevuni. "Mnadhani silali nikiwafikiria?"

Akashindwa kuendelea. Wanawake wawili wakamsogezea kiti. Mzee mmoja akasema hajawahi kuona kiongozi mwenye huruma namna hii, na kwamba vitunguu au si vitunguu, machozi ni machozi. Mikono ikainuliwa kupiga kura. Mwenyekiti alirudishwa kwenye kiti chake, na kipimo kikabaki langoni.

Mkiani alirudi nyumbani akiwa na njaa. Hakuwa na huzuni, na jambo hilo lilimshangaza kuliko mengine yote. Shamba lilikuwa lake, miche mipya ilikuwa imeshika, na mpishi alikuwa ameagiza tena. Alipita mferejini akatia mguu. Maji yalilowesha ukucha.

Jikoni aliinjika sufuria, akachukua kitunguu na kisu. Mama mkwe alivuta kigoda karibu.

"Kata vipande vyembamba, mwanangu. Polepole."

Mkiani akakata polepole, macho makavu. Alipomaliza, mama mkwe alimsogezea kingine.

"Mboga yenyewe ya watu wawili, mama. Kimoja kinatosha."

"Najua," alisema mama mkwe. "Kata."