Kambale ya Papa Floribert

Mama Constance, jirani yetu hapa Mweso, anaelezea watu kwenye kuteka maji kama aliniona kwa dirisha ya jikoni nikitia chumvi juu ya samaki ya muzima. Eti samaki ilisikia chumvi, ikatoka mu maji na mikono yake miwili, ikapanda jiwe, ikaniangalia sawa muntu anayengoja kuelezwa sababu. Eti mimi nikacheka. "Mutoto wa Ngungu yule," anasema, sababu kwetu ni Ngungu, "anakoleza mboga ingali inatembea."

Kwa chumvi hakudanganya. Kucheka, sikucheka.

Samaki iko ya Papa Édouard, infirmier, muuguzi wa hospitali, mwenye ninamufanyia kazi ya nyumba. Alitoka nayo kwao Boma mwaka wa 67, kule muto Kongo inakaribia bahari na maji inakuwa nusu tamu, nusu chumvi. Alizileta tatu mu ndege, ndani ya chupa, juu ya magoti. Mbili zilikufa na baridi ya milima yetu. Hii moja ilipona kwa sababu nilitoa sanduku yake ya kioo mu salon, nikaiweka jikoni, karibu na ukuta wa moto. Kazi yake ni kukaa juu ya jiwe, macho juu ya kichwa, mapezi mbele sawa mikono ya muntu aliyeegemea meza. Ukiitupia kumbikumbi, inaruka.

"Elisabeth," Papa aliniambia siku moja, "hii imebaki peke yake. Uitafutie wenzake."

Yeye pia aliishi peke yake. Muke wake alikataa kuja huku kwenye baridi.

Nilienda mara tatu kwenye kiziwa ya mapadri, kule wanafuga tilapia. Nikakaa asubuhi nzima, natupa makombo ya mukate, naangalia. Kuna tilapia yenye inafukuza wenzake hata kama imeshiba, ile, hapana. Nilichagua mbili zenye zilikula pembeni bila fujo, urefu wa kidole changu cha katikati: kubwa kupita kinywa ya ile ya Boma, ndogo za kushindwa kuisumbua. Nikaziweka mu beseni. Kila siku ya pili kijiko ya chumvi, naonja na ulimi, mpaka maji ikafikia ladha ya machozi, sawa ile ya mu kioo, vile Papa alinifundisha. Siku kumi na sita. Njo ile chumvi Mama Constance aliona.

Nilipoziingiza mu kioo, ile ya Boma ilishuka, ikazizunguka mara moja, ikarudi kwenye jiwe. Toka pale zikawa zinapita chini yake, na yenyewe inaziangalia sawa muzee mwenye nyumba yake iko kando ya barabara.

Kisha juma moja, Papa Floribert akafika. Ni muntu wa Walikale, anauzisha mafuta ya ngazi, ile mawese. Papa Édouard alimutibu muguu. Alibeba ndoo yenye kufunikwa na jani ya ndizi. Ndani, kambale ndefu sawa mukono wangu mpaka kwenye kiwiko, muzima kabisa.

"Muganga, nilisikia unatafutia samaki yako wenzake," akasema. "Siku mbili mu njia, kila muto nabadilisha maji. Sisi watu wa pori hatuleti zawadi ya kufa."

"Aksanti sana, kaka Floribert."

"Basi uitie mu kioo, uniite niione inaogelea. Kisha njo nitakunywa chai."

Mama Constance alikuwa amefika kuomba moto, akasimama mulangoni. "Hii pia Elisabeth ataitia chumvi?"

"Atie," Papa Floribert akajibu. "Kambale ya muto Lowa haiogope mamba, itaogopa chumvi?"

Wakacheka. Nikamumiminia Papa Floribert chai mu salon. Papa Édouard akaingia jikoni na ndoo, mimi nikamufuata.

"Papa, uangalie kinywa yake," nikasema polepole. "Zile tilapia mbili zinaweza kuingia pamoja. Na haina magamba, chumvi itaichoma. Lakini mbele ya kuchomeka, itakuwa imekwisha kula zote. Hata ile ya jiwe itaivuta, haikose kuacha mukia mu maji."

"Floribert ametembea siku mbili na hii ndoo, Elisabeth."

"Najua, Papa. Kuna pipa ya maji ya mvua nyuma ya nyumba. Tumuite kule, aone kambale yake inaogelea. Nitaichunga sawa hizi zingine. Lakini mu kioo, hapana. Unipatie ndoo, Papa."

Nikanyoosha mikono.

"Muganga," Papa Floribert akaita toka salon, "chai inapoa. Samaki yangu iko wapi?"

Papa Édouard aliangalia kioo. Ile ya Boma ilikaa mwisho wa jiwe, mukia mu maji, tilapia zinapita chini. Kambale ikagonga ndoo mara moja, kisha tena. Papa hakunishushia ndoo, hakuiinua kwenye kioo. Mikono yangu ikabaki mbele yake.