Joto la Magari ya Watu

Zubeiri wa duka la vitenge aliifikisha pikapu yake kwa Konsolata pale Kibaoni huku mkono mmoja umeshika usukani na mwingine umeshika kofia isiruke. Feni ya kiyoyozi ilikuwa imegoma namba zote za chini. Ilibaki namba nne tu, na namba nne ilikuwa ikimpulizia usoni vumbi lote la barabara ya Mang'ula. Mkewe, Mwanaheri, alikuwa ameapa kutopanda tena gari hilo mpaka litengenezwe. Konsolata alijilaza chali chini ya dashibodi, akachomoa plagi iliyoyeyuka, kisha akatoa kidude cheusi cha ukubwa wa kiganja, waya umezungushwa kama springi, kinanuka.

"Rezista imeungua," alisema.

"Si tulibadilisha juzi juzi tu, fundi?"

"Na hii nyingine nayo itaungua."

Kazi ya rezista ni kuubana umeme ili feni izunguke polepole. Umeme ukibanwa unageuka joto, na joto hilo lazima liende mahali. Magari haya ya mtumba yalitengenezewa watu wenye barabara safi. Huku pumba za mpunga na vumbi huziba njia ya hewa, rezista inakosa pa kupoa, inajichoma yenyewe pamoja na plagi yake. Mafundi wote wa bonde la Kilombero walilijua hilo na waliridhika, maana walikuwa wakiuza nyingine. Konsolata hakuridhika. Alitaka kubuni rezista yake mwenyewe, ndogo kama ncha ya kidole gumba, ikae nyuma kabisa ambako pumba hazifiki.

Waya haukuwa tatizo, aliutoa kwenye pasi mbovu na majiko ya umeme yaliyokufa. Kilichomtoa jasho ni kiini cha kuuzungushia. Alijaribu saruji, ikapasuka. Alijaribu kigae, kikapasuka. Tofali la kuchoma lilisagika likawa unga. Ukikipunguza kitu umbo, joto lake halipungui, linasongamana tu mahali padogo. Mwishowe alipanda bodaboda akaenda Mlabani kwa mama yake.

Mama yake, Theresia, alikuwa mfinyanzi tangu usichana wake upande wa Mahenge, na udongo aliuchimba mwenyewe kando ya mto Lumemo. Katika ukoo wao mfinyanzi hakiachi chungu kikauke kabla hajakiambia kinakwenda jikoni kwa nani. Anainama, anakitajia jina la mwenye mafiga, chungu kinaujua moto wake. Kisichoambiwa hupasuka siku ya kwanza. Wapo waliosema huo ni ushamba, na hao walinunua vyungu kila mwezi.

Theresia aliviviringisha viini kwa viganja vyake, vidogo kama njugu mawe, akavipanga kwenye ungo. Kisha akauliza, "Hivi vinakwenda kwa nani?"

"Haviendi kwa mtu, mama. Vinakwenda kwenye magari."

"Gari lina mafiga?"

"Halina."

"Sasa mimi nivitajie nini?"

Konsolata alikuwa amesoma umeme chuoni na alikuwa na gari la mteja linamsubiri. "Taja chochote tu, mama, nina haraka," alisema. Basi Theresia akainama juu ya ungo, na kwa kuwa hakuona jina la kutaja bila kumkosea mwenyewe, akataja la kwake.

Rezista ya kwanza ilifungwa kwenye pikapu ya Zubeiri. Akaenda nayo Mang'ula na kurudi, feni namba moja njia nzima, Mwanaheri akiwa amesinzia pembeni. Aliporudi, Konsolata aliingiza mkono nyuma ya dashibodi akaishika ile rezista. Ilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Mchana huohuo kule Mlabani, Theresia alikuwa ameinjika maharage juu ya mafiga matupu akaenda kuomba kuni kwa jirani. Alirudi mikono mitupu akayakuta maharage yanatokota, na chini yake hakuna moto. Aliyaonja, akaongeza chumvi.

Mama yake alipomsimulia, Konsolata hakubisha. Alimwomba Zubeiri azime feni, naye akakaa jikoni kwa mama yake na simu sikioni. Feni ikizimwa, chungu kinatulia. Ikiwashwa namba moja, kinachemka mpaka kifuniko kinacheza. Akamwambia Zubeiri kwamba joto la gari lake limehamia jikoni Mlabani.

"Alhamdulillahi," alisema Zubeiri. "Angalau halikupotea bure."

Na kwa muda ilikuwa heri kweli. Tangu watu wakatazwe kuokota kuni msituni kule mlimani, wanawake wengi walikuwa wakipika kwa mabua, kwa pumba, kwa ndala zilizochakaa. Theresia alipika mara tatu kwa siku kama mke wa mkubwa. Jirani yake, Balbina, alikuwa akileta sufuria yake ya ugali, anainjika, anapiga soga, anaondoka nayo imeiva. Konsolata alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata. Alikuwa amebuni kitu na kitu kimefanya kazi.

Kisha akaja Amedeus. Huyu alikuwa na magari yake ya kukodisha, gereji yenye geti, na jamaa katika kila ofisi yenye gari. Aliishika rezista, akaigeuza, akaipima kwa jicho, akauliza kwa nini haipati moto. Konsolata akamweleza yote, mafiga na mama yake bila kuficha.

"Kwa hiyo joto likishatoka kwenye gari, si la gari tena," alisema Amedeus.

"Linakwenda kwa mama, mkurugenzi."

"Ndiyo. Nimekuelewa."

Akaagiza nyingi. Zilifungwa kwenye magari ya miradi, kwenye malori ya miwa na ya mpunga, kwenye mabasi ya Mlimba, kwenye magari ya waheshimiwa wanaoacha injini inaunguruma nje ya mkutano ili wakitoka wakute ubaridi. Kila kiini kilitoka mikononi mwa Theresia, na kila kimoja kilitajiwa jikoni kwake, maana kwingine hakukuwepo.

Kuta zikaanza kupata joto. Kuku waliotagia jikoni wakawa wanataga mayai yaliyokwisha kuiva, na watoto wa mtaa wakaja kuyanunua yakiwa na ganda lake. Mshumaa wa Pasaka ulioletwa kutoka kanisani uliinama ukalala juu ya meza. Padri alikuja kubariki nyumba, akaibariki akiwa uani. Masika yalipokolea, mwenyekiti wa mtaa alikuja na hodi ya heshima, akauliza kama watu wanaweza kuanika mpunga wao sebuleni kwa mama, maana nje mvua haikatiki. Theresia hakujua kumkatalia mtu. Walianika mpaka chumbani, na yeye akahamishia kitanda chake chini ya upenu.

"Mwanangu," alimwambia Konsolata siku moja, "haya magari hayapumziki?"

Konsolata alijaribu, tusimsingizie. Alimwomba mama yake ataje jikoni kwa Amedeus. Viini vyote vikapasuka, kwa sababu Amedeus alipikia gesi na nyumbani kwake hakukuwa na figa hata moja. Wakataja kwa mheshimiwa, vikapasuka. Wakataja ofisi, vikapasuka kabla hata havijakauka. Udongo ulijua mafiga tu, na mafiga yako kwa wasio na kitu. Kila mwenye uwezo wa kupanda gari lenye kiyoyozi alikuwa ameshayatupa zamani.

"Basi taja kwa Balbina, japo nusu," alisema Konsolata.

"Balbina ana watoto wadogo."

"Robo, mama."

"Kwa nani mwingine? Kwa yule bibi kipofu wa nyuma? Nimtupie jua la watu mlangoni mwake, halafu Jumapili nimpe amani ya Bwana?" Theresia alitema mate pembeni. "Acha tu. La kwangu nimelizoea."

Konsolata alikwenda kwa Amedeus akamwambia rezista zote zing'olewe. Amedeus alimpa kiti na soda baridi. Alisema haya ni masika, vioo vinashika ukungu, feni ndiyo inayovisafisha, na dereva asiyeona mbele ataua watu. Alisema pia kwamba yeye si mtu asiye na utu. Kesho yake alituma kijana Mlabani na feni ya basi, betri yake, na kipande cha bati kilichoandikwa kwa rangi kwamba nyumba hiyo inahudumiwa na kampuni yake. Theresia aliiwasha namba moja ili isimpige kwa nguvu. Ndani ya feni ile mlikuwa na rezista ya Konsolata. Kadiri ilivyompepea ndivyo nyumba ilivyozidi kuwaka, mpaka misumari ya paa ikaanza kudondoka mmoja mmoja.

Konsolata angeweza kuacha. Hilo lisemwe. Hakuna aliyemshika mkono. Lakini mafundi waliokuwa wakimcheka walikuwa sasa wanakuja kumuuliza, na mhandisi mmoja alisafiri kutoka mjini kuja kukitazama kidude kile, akakiweka kiganjani kama yai la njiwa, akasema hajapata kuona kidogo namna hiyo chenye kubeba umeme mwingi namna hiyo. Konsolata aliipenda kazi yake, na upendo huo ulikuwa na uroho ndani yake. Alijiambia atatafuta kiini kingine, cha udongo usiosikia. Alijiambia hivyo huku akimpelekea mama yake ungo mwingine.

Theresia alikufa alasiri moja uani, chini ya upenu, kata ya maji iko mkononi. Maji yalikuwa yanachemka. Waombolezaji walikaa ng'ambo ya barabara kwa sababu upande wa nyumba hapakukalika, na jeneza lilipitishwa nyuma kwa Balbina. Alizikwa vizuri, kwa nyimbo. Balbina alilia kuliko ndugu wote, kisha akauliza kwa aibu jioni hiyo ugali utapikwa wapi.

Kwa desturi mafiga ya marehemu hayaachwi. Mjomba wa Konsolata aliyabeba kwa toroli, kwa koleo, mpaka mto Lumemo, akayatupa. Maji yalifoka kidogo, samaki wakaelea tumbo juu, watu wakawaokota. Mchana huohuo rezista zikaanza kuungua, kuanzia Kidatu mpaka Mlimba. Plagi ziliyeyuka, magari yakanuka, feni zikabaki namba nne tu. Waheshimiwa walifika mikutanoni na nywele zimesimama.

Amedeus alikuja msibani siku hiyohiyo. Alikaa mkekani na watu, akatoa pole, akakubali sahani ya wali. Alipomaliza kula alimsogelea Konsolata na kushusha sauti.

"Mama alikuwa na jiko zuri sana. Ukoo wenu hauna jingine?"

"Mama yangu amekufa, mkurugenzi."

"Najua, dada. Ndiyo maana nauliza."

Konsolata alimwambia aondoke, naye akaondoka bila ugomvi, akimwamkia kila mzee njiani. Konsolata akafunga kibanda chake. Kwa majuma kadhaa hakugusa waya. Alikaa nyumbani akiwa na hasira na Amedeus, na Zubeiri, na padri, na mpunga wa watu, na zaidi ya wote na mtu mmoja aliyesema taja chochote tu, mama, nina haraka.

Asubuhi aliyokwenda kuchukua vifaa vyake akauze, alikuta wanawake wamekaa nje ya kibanda, kwenye benchi na chini. Wengine walikuwa wametoka mbali. Kila mmoja alikuwa na figa moja kwenye kanga, ishara kwamba jiko lake ni la kweli. Ng'ambo ya barabara gari la Amedeus lilikuwa limeegeshwa, vioo vimefunguliwa.

"Shikamooni," alisema Konsolata.

"Marahaba, mwanangu," alijibu aliyekuwa mbele, mama wa makamo kutoka Mang'ula, jina lake Restituta. "Tumeambiwa mnatafuta majiko."

Konsolata aliwaeleza. Aliwaeleza mayai, kuta, misumari, kitanda chini ya upenu, maji yaliyochemka ndani ya kata mkononi mwa mama yake. Hakupunguza neno. Walimsikiliza kwa adabu, kama watu wanavyosikiliza somo refu kanisani.

"Tunajua," alisema Restituta. "Mimi nilikuja kumzika."

"Mnajua, na bado mmekuja?"

"Nikienda msituni nakamatwa. Nisipoenda, watoto wanalala na njaa, mchele umo ndani. Wewe una kuni?"

Konsolata hakuwa na kuni. Hakuna mwanamke aliyeondoka. Mwishowe alifungua kibanda. Udongo wa mama yake ulikuwa bado kwenye beseni, chini ya gunia bichi. Alichukua donge, akaliviringisha vibaya kwa viganja ambavyo havikuzoea, akainama mpaka midomo yake ikakaribia kuligusa.

"Jina lako kamili, mama," alisema. "Na jiko liko mbali kiasi gani na wanapolala watoto?"

Restituta akataja. Wa nyuma yake akasogea mbele.