Baba Aliyelazwa

Tableti ilinguruma gizani juu ya kopo la unga kwenye kona ya kitanda. Mong'ina aliinuka kabla kifuniko hakijaacha kutetemeka. Tangu simu yake izame kwenye beseni la nguo, hii tableti ya binti yake Linda ya kujifunzia kusoma ndiyo iliyobaki. Haikuwa na mahali pa laini. Ujumbe na simu vyote vilipitia apu, na apu ilitegemea waifai ya Ogoti, kinyozi wa chumba cha pili, iliyopenya ukutani na kufika kwenye kona hiyo tu.

Walikuwa watu wa bima: "Kadi ni ya mwanamke. Wewe umeandika mgonjwa ni baba. Ombi limekataliwa."

Mong'ina akajishika mdomo. Mama yake alikuwa amelazwa Kisii mjini, utumbo umeziba. Wauguzi walishasema: bima isipokubali kabla madaktari hawajaingia thieta kuanza upasuaji asubuhi hii, nafasi atapewa mwingine. Na mama hakuwa na nguvu za kungoja nafasi nyingine.

Kosa lilikuwa lake, na tena halikuwa kosa. Kwao Manga, baba ni yule mama aliyekuzaa. Mzazi wa kiume huitwa tata. Kwenye masomo ya jioni ya Kiswahili alifundishwa kutenganisha, lakini jana, kwa haraka, lugha ya nyumbani ilitangulia.

Akaandika: "Samahani. Kwa Kikisii mama ndiye baba. Mwanaume ni tata." Tableti ikajifanya mwalimu, ikarekebisha neno la mwisho. Ujumbe ukaenda ukisema mwanaume ni tatizo.

"Madam, tuheshimiane," wakajibu.

Akagonga ukuta. "Ogoti! Niazime simu niwapigie hawa watu!"

Ogoti akaja mlangoni na kaptura ya kulalia. "Chukua, mama Linda. Lakini hao utasikiza muziki mpaka ukate kiuno."

Muziki ulilia kweli. Kisha sauti ya mashine: ombi hufuatiliwa kwenye apu ya kifaa lilikofunguliwa, basi.

"Si nilikwambia? Rudi kwa kona yako. Hata usipumue, netiweki itatoroka."

Mong'ina hakucheka. Alipiga kwa tableti, wakakata. Akapiga tena, wakakata. Kukapambazuka, wanawake wakawa wanapita nje na mikungu ya ndizi kuelekea soko la Daraja Mbili, naye bado amejikunja konani. Ghafla mwanamke akapokea.

"Sema haraka."

"Dada yangu, mgonjwa ni mama. Mama mzazi. Nilikosea neno tu."

"Jana baba, leo mama. Kesho atakuwa mjomba? Nyinyi mmezoea kutibiwa kwa kadi za watu wengine."

"Haki ya Mungu, dada..."

Linda akakohoa chini ya blanketi.

"Huyo ni mtoto? Mpe tuongee. Watoto hawajui kudanganya."

"Ana miaka sita, tafadhali."

"Mpe, ama nifunge hili ombi."

Linda akaketi wima, akaishika tableti kwa mikono miwili.

"Toto, ni nani amelazwa hospitali?"

Mong'ina alitikisa kichwa kwa nguvu, midomo ikiunda neno bila sauti: nyanya, sema nyanya. Lakini mtoto alikuwa ameikazia macho skrini. Alitaka sana kusaidia. Akajibu kwa ile sauti yake ya darasani, safi, bila kusita:

"Ni baba ya mama."