Maziwa Hukata Sumu

Gereji nzima ilimwita mume wangu Chuma, na jina hilo alijipa mwenyewe. Alikuwa mpiga rangi wa magari. Wenzake wakilalamika kwamba thina ya kuzimulia rangi inawaumiza vichwa, yeye alicheka: "Mwili wangu ushazoea. Chuma hakiugui."

Jioni alirudi na rangi kwenye kope, akakaa kitandani na ovaroli lake, akanywa pakiti ya maziwa ambayo tajiri wao aliwagawia kila siku. Maziwa hukata sumu. Ndivyo alivyoambiwa alipoanza kazi, na ndivyo alivyowaambia waliomfuata. Mimi niliyefua ovaroli hilo mpaka vidole vikachubuka sikuwa na nguvu za kubisha. Ukichoka sana, unaamini chochote kitakachokuacha ulale.

Jumapili moja nilimwachia mtoto nikaenda kuteka maji. Niliporudi, harufu ya gesi ilinipokea mlangoni. Mpira wa jiko ulikuwa umechomoka kwenye mtungi. Yeye kasimama palepale, mtoto begani, mkono wa pili unapapasa kiberiti mfukoni.

"Usiwashe!"

"Kulikoni, mama mtoto? Nataka nikuchemshie chai."

"Husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Nilidhani ananitania. Nikafunga mtungi, nikafungua madirisha, nikamtoa nje. Nikamsogezea puani kitunguu, kisha mafuta ya taa, kisha nepi chafu ya mtoto. Hakusikia harufu ya hata kimoja.

"Kumbe Mungu ana upendeleo," alisema kuhusu nepi. Lakini hakucheka.

Mchana huohuo muuguzi wa zahanati alimsikiliza mpaka mwisho, hadi habari ya maziwa.

"Kaka, hiyo rangi unainywa?"

"Naivuta, dada. Inapita puani."

"Ikishuka mapafuni inaingia kwenye damu. Na maziwa yanakwenda wapi?"

"Tumboni."

"Sasa vitakutana wapi, mpaka kimoja kimkate mwenzake?"

Chuma alijigusa pua, kisha tumbo.

"Wafagizi wako ni ini na figo," alisema muuguzi. "Wanafagia usiku kucha, wewe asubuhi unamwaga tena. Hujazoea, kaka. Pua ilikuwa inakupigia kelele, hukuisikiliza, ikachoka. Wafagizi nao wana siku yao ya kuchoka."

"Itarudi?"

"Huenda, ukiipumzisha. Ukiendelea bila barakoa yenye chujio, mimi siwezi kukuahidi kitu."

Tukashika njia ya kurudi. Karibu na nyumbani uchungu ukanishinda.

"Maziwa hukata sumu," nikasema. "Kumbe wewe yamekukata maini."

Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Na wewe unamalizia kuyakatakata."

Jumatatu nilimsindikiza kazini kumwombea barakoa. Tajiri wao alikuwa mtu mpole, na upole huo ndio ulionichosha zaidi.

"Barakoa? Shemeji, huyu si ndiye Chuma?" Mafundi wakaangua kicheko. Tajiri akafungua friji. "Haya, yasiwe makubwa. Kuanzia leo nampa pakiti mbili."

Chuma alizitazama pakiti zile. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona akikataa cha bure.

"Wape wengine," alisema. "Na bunduki ya rangi sishiki mpaka barakoa ije. Nitafungua na kufunga mabampa."

"Mabampa ni kazi ya wanaoanza."

"Basi naanza."

Hakuna aliyecheka. Fundi mmoja, aliyefundishwa kazi na Chuma, alikuwa ameshakata kona ya pakiti yake. Akaishusha taratibu, akaanza kuisoma kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Jioni ile Chuma alivua ovaroli nje na kuliacha hukohuko. Akaoga. Akamchukua mtoto aliyekuwa amesinzia mapajani mwangu, akambandika pua utosini, akavuta pumzi ndefu. Akarudia. Akarudia tena, macho kayafumba.

"Ananukia nini?" aliniuliza.

Nilitaka kumwongopea kwamba hanukii chochote, apumzike. Nikashindwa.

"Maziwa," nikamwambia.