Kona za Chini

Mdogo wangu wa kike alifungua ukurasa wa mia tatu na mbili, akasoma sentensi mbili, kisha akaishia hapo. Mama alisubiri, ametulia kwenye kiti chake cha dirishani, miguu juu ya kigoda. Mimi nilikuwa nakunja nguo zake. Niliendelea kukunja, taratibu, soksi baada ya soksi.

Dakika hiyo nilikuwa nimeisubiri wiki tano.

Macho ya mama yaliingia ukungu mwaka aliostaafu ualimu. Mdogo wangu, mwenye sauti nzuri, akawa msomaji wake. Mimi nikawa mleta vitabu, kwa kuwa kazi yangu ni kukarabati vitabu maktabani, kushona kurasa zilizofumuka na kubandika migongo upya. Mama hakutaka hadithi za mapenzi. Alitaka riwaya za nchi za baridi, zenye theluji hadi magotini, mpelelezi aliyechoka, na mke anayegundua kwamba hamjui mwanamume anayemkorogea chai. Nilipomuuliza zina utamu gani, alicheka.

"Polisi anafika mwishoni," alisema. "Anayejua tangu mwanzo ni mtu wa nyumbani."

Maneno hayo nilikuja kuyaelewa kwenye begi la mume wangu. Alikuwa amerudi kutoka safari ya kikazi ya siku tatu, nami nikawa natoa mashati yake nifue. Katikati ya mashati kulikuwa na riwaya, ile ile ambayo mdogo wangu alidai ameisahau kwenye basi, akamwacha mama njia panda na maiti ndani ya ziwa lililoganda. Kurasa zilikunjwa kona. Si kona za juu, kama wakunjavyo watu wote, bali za chini, kuelekea ndani. Duniani namjua mtu mmoja tu anayeharibu vitabu namna hiyo, na nimemgombeza tangu akiwa darasa la tatu.

Mume wangu, ambaye hajawahi kusoma hata karatasi ya maelezo ya dawa, alisema alikinunua stendi ili kupoteza muda njiani. Mgongo wa kitabu ulishonwa kwa uzi wangu wa kijani. Nikamuuliza muuaji ni nani.

"Sijafika huko," akasema, akaenda kuoga.

Nilikaa kitandani nikachukia, kwa utulivu ambao sikujua ninao. Na sehemu kubwa ya chuki haikumwendea yeye. Yeye nilimpata ukubwani. Mdogo wangu nilimbeba mgongoni.

Maktaba ilikuwa na nakala ya pili. Niliifumua, nikatoa kurasa ishirini na nne za mwisho, nikatafuta karatasi ya rangi ile ile, nikachapa sura mpya kwa herufi zinazofanana na nikaishona mahali pake. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Mdogo wangu aliipokea kwa furaha, akanikumbatia, akaanza kumsomea mama pale walipoishia. Nilijua hatachungulia mbele. Tangu utotoni alisema kuchungulia mwisho ni kumwibia mwandishi.

Sasa alikuwa amefika.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Kurasa zimechanika, mama."

"Kitabu kilichopita mikononi mwa dada yako hakichaniki. Mpe asome yeye."

Nikakitoa vidoleni mwake. Nikasoma kwa sauti ile ile ambayo huwa naitumia kusomea hati za maktaba: "Mke alijua siku alipoziona kona za chini. Hakumuuliza mume. Alimwachia aliyezikunja ajisomee mwenyewe, mbele ya mama yao."

"Dada, shemeji aliniambia..." mdogo wangu alianza. Neno lile, shemeji, lilimtoka kabla hajalizuia. Tulilisikia sote watatu. Akachukua mkoba wake akatoka, nami nikaendelea kusoma yote niliyoandika kuhusu zile siku tatu za safari, hadi nukta ya mwisho. Sitasema niliumia. Nilifurahi, na chai niliyokunywa baadaye ilikuwa tamu.

Mume wangu alihama wiki ile ile. Mimi ndiye ninayemsomea mama siku hizi. Kila tukimaliza riwaya ananigeuzia uso na kuuliza, "Mwisho huu ni wa kitabu, au ni wako?" Mimi hucheka. Yeye hacheki.

Miaka saba imepita. Mwezi uliopita kwenye simu yangu uliingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Haukuwa na salamu wala kuomba radhi.

"Dada, muuaji alikuwa nani?"

Zile kurasa ishirini na nne za kweli ziko kwenye droo yangu kazini, zimefungwa kwa uzi wa kijani. Nazifuta vumbi mara kwa mara. Sijamjibu.