Malkia wa Mlima Nambunga

"Wageni wapendwa, tafadhali msiguse kitu," alisema mwongozaji wetu, na mimi nikasonya. Mwongozaji mwenyewe ni Arsenio, mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemfuta kamasi mpaka akaota ndevu. Jana yake alinipigia simu: "Dada Deolinda, ukija njoo kama mgeni. Kata tiketi, panga foleni, na usiseme unanijua. Kazi hii nimeipata kwa taabu." Nikameza, maana mwenye shida nilikuwa mimi.

Shida yenyewe ni binti yangu Marlene. Mimba mbili zimetoka, na hii ya tatu ina miezi minne. Kwetu sisi Wamakua tuliovuka Ruvuma, jambo kama hilo huambiwa waliotangulia: unga unamwagwa juu ya kaburi la bibi, jina lake linatajwa, mtoto anaombewa. Na anayemwaga ni mjomba, si mama. Marlene ana mjomba mmoja tu duniani. Kaburi la mama yetu liko juu ya mlima Nambunga, na tangu mlima uzungushiwe uzio kwa sababu ya magofu yake, hapandi mtu ila kwa kundi na mwongozaji. Basi nikafunga unga kwenye pindo la khanga, nikatoka Magomeni yetu ya huku kusini alfajiri, nikajiunga na walimu kumi na wawili wa shule ya Likombe, kila mmoja na raba zake na chupa ya maji.

Tulipanda kwa saa mbili nzima. Arsenio alitangulia na kofia yake, anapiga Kiswahili cha redioni. Kwenye ukuta wa msikiti wa kale alieleza vizuri, sikatai. Kisha akatupeleka nyuma ya ukuta, na pale, katikati ya kamba nyekundu, nikamwona mama.

Niseme ukweli wote. Mama alipokufa hatukuwa hata na mfuko mmoja wa saruji. Mimi na Arsenio tuling'oa mawe kwenye ukuta ule ule wa kale, tukalizungushia kaburi, na juu yake tukakandika kwa udongo sahani yake ya maua ya buluu, aliyoinunua sokoni Kilambo baada ya kuuza korosho. Arsenio ndiye aliyebeba mawe, mabega yakamchubuka, analia. Miaka ikapita, wakaja wataalamu. Wakakuta mawe ya kale, wakakuta sahani, wakaandika walichoandika. Arsenio alikuwepo, kibarua wao wa kubeba mizigo. Akanyamaza, wakampa kofia ya mwongozaji.

"Hapa amelala malkia," alisema sasa. "Mke wa sultani. Sahani hii ilitoka China miaka mia sita iliyopita."

Simu zikatoka mifukoni, picha zikapigwa. Mwalimu Rozalia, mama mmoja mwenyeji wa Moshi aliyekuwa akinishika mkono kwenye miinuko, akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

"Jina halijulikani, mwalimu."

Loo! Damu ilinipanda kichwani.

"Anaitwa Filomena," nikasema. Nikafungua pindo, nikamnyooshea unga. "Shika, Arsenio. Mmwagie mama yako. Mwambie mjukuu wake ana mimba ya miezi minne. Neno moja tu, halafu endelea na uongo wako."

Mkono wake uliinuka. Naapa, uliinuka. Kisha akawatazama walimu, akautia mkono mfukoni, akacheka. "Mnaona, wageni wapendwa? Wenyeji wa huku wana hadithi zao nyingi. Ndio utamaduni wetu huo."

Wakacheka naye. Mwalimu Rozalia peke yake hakucheka.

Nikavuka kamba mwenyewe, nikapiga magoti, nikamwaga. "Mama Filomena, ni mimi, Deolinda. Marlene wako..." Sikumaliza. Arsenio alinishika bega.

"Mama, tafadhali rudi nyuma ya kamba."

Mama! Hata neno dada lilimshinda kutamka. Akachukua ufagio wa njukuti uliokuwa umeegemezwa ukutani, akafagia unga wote, na ule ulioingia katikati ya mawe akainama akaupuliza kwa mdomo. Alijua kila jiwe lilipo. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani, na cha kwangu nilikibeba mgongoni.

Tulipofika chini mtandao ukarudi, na simu ikalia hapo hapo. Ni Marlene.

"Mama, umemwambia bibi?"

"Nimemwambia."

"Na unga, alimwaga mjomba mwenyewe?"

Nikatazama kule getini. Arsenio alikuwa amesimama katikati ya walimu, anapigwa picha, meno yote nje.

"Mjomba hakuwepo, mwanangu," nikamjibu. "Tulikuwa na mwongozaji tu."