Ukanda wa Mbuke

Katikati ya mji mdogo wa Mwabasonga kulikuwa na ukanda wa ardhi usio na kitu chochote, na kwa miaka sita Mbuke, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa akipigana ubaki hivyo hivyo. Watu waliuita Ukanda wa Mbuke, kwa kumtania. Kwenye mpango wa mji ulikuwa njia ya bomba kubwa la maji kutoka ziwani, na kando yake barabara yenye mitaro. Halmashauri ilikuwa ikitenga fedha kidogo kidogo kila mwaka kutoka kwenye ushuru wa madini, na bomba lilikuwa likisogea kijiji kwa kijiji kwa mwendo wa kinyonga.

Tusidanganyane, kulinda ardhi tupu kwenye mji wa wachimbaji si kazi ya mtu mwenye haya. Leo utakuta kibanda cha chipsi, kesho gereji ya pikipiki. Mbuke aliwaondoa wote, kwa maneno matamu waliosikia na kwa mgambo waliojitia uziwi. Mwishowe akaugeuza ukanda kuwa kiwanja cha mpira. Wana-Mwabasonga wanaweza kuvamia hata makaburi, lakini kiwanja cha mpira hawakigusi.

Sasa zamu yao ilikuwa imefika. Wiki ile ile mhandisi angekuja kuthibitisha njia. Akiikuta imechimbwa au imejengwa, bomba lingepitishwa kata ya jirani, na Mwabasonga ingerudi mwisho wa foleni. Mbuke alijua kwamba yeye mwenyewe asingeishi kuiona zamu nyingine.

Jioni moja ya wiki hiyo mumewe, Mayala, mchimbaji wa siku nyingi na mpenda mpira kupindukia, alirudi kutoka kuchimba shimo la nguzo mpya ya goli. Alinawa, akakaa, akaweka jiwe kando ya sahani ya ugali.

"Baba Nelly, siku hizi tunakula mawe?"

"Liangalie vizuri."

Mbuke aliligeuza kwenye mwanga wa taa. Mke wa mchimbaji haonyeshwi dhahabu, anaiona mwenyewe.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Theonest tu."

"Basi mji mzima unajua."

"Mama Nelly, maji tumeyasubiri miaka sita," Mayala alisema kwa upole. "Hii iko chini ya miguu yetu leo."

Mbuke aliumia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alipoliona lile jiwe, hata moyo wake uliruka. Angekuwa mnafiki kukataa.

Asubuhi alikuta kiwanja kimejaa wanaume, kamba na vigingi. Theonest, mwenye karasha ya kusagia mawe, alikuwa akigawa sehemu za kuchimba maduara, yale mashimo ya dhahabu, kama mtu anayegawa urithi wa baba yake. Kuita mgambo kusingesaidia kitu, maana mgambo ndio walioshika kamba. Mbuke hakugomba. Alirudi nyumbani, akajitwika dumu la maji lililokuwa nyuma ya mlango, akaja nalo hadi katikati ya kiwanja.

"Shikamoo mwenyekiti," walisema vijana, macho chini.

"Marahaba. Nasikia kuna dhahabu hapa. Na mimi nataka kuiona. Twangeni, tuoshe, tuone wote."

Theonest alikuwa amejiandaa kwa matusi, akajikuta akileta jiwe na kinu. Jiwe likatwangwa, unga ukaingia kwenye karai, na Mayala, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wote, akaosha. Akaosha, akamwaga, akaosha tena. Dumu lilipobaki tupu, chini ya karai kulikuwa na uzi mwembamba wa njano. Watu wakasukumana, mmoja akapiga mluzi.

"Ipo," alisema Mbuke. "Sikatai, nimeiona kwa macho yangu. Na maji mmeyaona yalivyokwenda? Hilo lilikuwa dumu langu la leo, la kupikia na la kuogeshea watoto. Limekwenda na jiwe moja. Lambo limekauka, mnajua. Basi kila anayetaka duara hapa aende kwake, alete dumu lake, aoshe la kwake."

Wanaume wakageuka kuwatazama wanawake waliosimama pembeni na ndoo zao, njiani kuelekea kisima cha mbali.

"Dumu langu usilihesabu," Ritha alimwambia mumewe, Theonest, mbele ya kadamnasi.

"Baba Eliya, wewe hata usisumbuke kuja," mwingine akadakia, akimwambia wa kwake, na wenzake wakacheka, kicheko ambacho hakikuwa na masihara ndani yake.

Mchimbaji mmoja, Maduhu, akasema basi maji yatanunuliwa. Muuza maji wa baiskeli, aliyeitwa Sikujua, akapandisha bei palepale. Hapo hata vijana wakacheka.

"Wanaotaka maduara wanyooshe mikono," alisema Mbuke.

Ilinyooshwa michache, wa Theonest ukitangulia. Ritha akamwangalia mumewe. Mkono ukashuka taratibu, ukaishia kukuna kichwa.

"Wanaotaka bomba?"

Mikono ya wanawake ilipanda mara moja. Mbuke hakuitazama. Alikuwa akitazama mkono mmoja tu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliogopa. Mayala aliliangalia karai kitambo, akaliweka chini, akanyoosha mkono wenye tope lililochuruzika hadi kwenye kiwiko. Baada yake wachimbaji wakafuata, wengine kwa shingo upande, lakini walifuata. Mbuke alifurahi mpaka akaona aibu.

Kabla ya jua kali, Mayala alikuwa amesimika nguzo ndani ya lile shimo, akashindilia udongo kwa miguu yake mwenyewe.

Alhamisi akaja mhandisi, mama mmoja mchangamfu aliyeitwa Dorah. Aliutembea ukanda wote hadi mwisho, akarudi ameridhika.

"Mwenyekiti, wabeja sana kwa kututunzia njia. Huku chini tutakutana na nini tukianza kuchimba?"

"Udongo mwekundu, mawe, na dhahabu kidogo," alisema Mbuke. "Mkiikuta, ifukieni humo humo na bomba lenu."

Mhandisi alicheka akidhani ni utani, akaenda kupigilia kigingi cha kwanza.